Barua ya wazi kwa viongozi wa Kaunti ya Lamu kuhusu viwanja vya vijana na ugonjwa wa sukari

Kwa Mheshimiwa Gavana, kwa mawaziri wa kaunti wanaosimamia afya, vijana na michezo, na kwa Waheshimiwa wawakilishi wa wadi zote 10 za Lamu.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima, nawaandikia nikiwa mkufunzi wa kujitolea wa mpira wa miguu katika mtaa wa Langoni, kazi ambayo nimeifanya kwa miaka 13 bila mshahara. Vijana ninaowafundisha wana umri wa kati ya miaka 12 na 20. Wengi ni wa kisiwa hiki cha Amu, wako wachache waliovuka kutoka Faza na Kizingitini katika kisiwa cha Pate, na katika misimu miwili iliyopita nimepata wanne kutoka vijiji vya Waboni katika wadi ya Basuba, waliokuja kukaa na jamaa zao ili wasome. Mimi si daktari. Ninayoyasema hapa kuhusu ugonjwa wa sukari nimeyasoma na kuwauliza wauguzi wanaonivumilia. Ninayoyasema kuhusu viwanja nimeyaona mwenyewe.

Haja yangu ni moja, nami naitaja mapema ili msipate taabu ya kuitafuta: naomba fedha ambazo kaunti huzitenga kwa michezo ya vijana ziende kwanza kwenye mchezo wa kila wiki, katika viwanja vya kudumu, kwenye vijiji vya Wabajuni, wavuvi wa visiwani, na vya Waboni sawasawa na mitaa ya mji, na mchezo huo uhesabiwe rasmi kuwa sehemu ya kazi ya idara ya afya ya kuzuia ugonjwa wa sukari.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Kwa miaka mingi, kila ilipofika mapumziko, nilikuwa nikifungua pakiti ya glukosi na kupita kwenye mstari wa wachezaji, kila mmoja akikunja kiganja nami nikimmiminia fungu lake, akalilamba, akashushia maji. Waliokuwa na shilingi mfukoni waliongeza soda. Walirudi uwanjani na unga mweupe midomoni kama watoto waliofumaniwa kwenye kopo la sukari jikoni, na mimi nikijiona mkufunzi anayejua kazi yake. Siku moja mama mmoja muuguzi, aliyekuja kumtazama mwanawe, aliniuliza kwa upole: "Mwalimu, hawa wamecheza dakika 35 tu na wametoka kwao wamekunywa chai ya sukari na mahamri. Hiyo dawa ni ya ugonjwa gani?" Sikuwa na jibu, na tangu siku ile tunakunywa maji matupu.

Msimu huohuo nilifunzwa upande wa pili wa jambo hilo. Mmoja wa mabeki wangu, kijana wa miaka 16, alianza kukonda. Alikuwa akinywa maji hata mtungi ukabaki mtupu kabla ya wenzake kufika, na alitoka uwanjani mara mbili tatu kwenda kujisaidia katika kipindi kimoja. Sisi tulimcheka. Wengine walisema ana mapenzi, wengine wakasema amepigwa jicho. Nyumbani kwao walimpeleka katika zahanati moja ambayo sitaitaja, mara mbili, na mara zote mbili alirudi na dawa za malaria bila mtu kumchoma kidole. Safari ya tatu alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui. Alikuwa na ugonjwa wa sukari wa aina ya kwanza, ambao kongosho huacha kutoa insulini, homoni inayoishusha sukari ya damu, na bila sindano za insulini mgonjwa hafiki mbali. Mwenyezi Mungu alimnusuru.

Alipopona, jamaa zake walimkataza mpira, nami nikakubali haraka mno. Aliyetubadilisha rai ni kijana mwenyewe, alipotuonyesha kwenye simu habari za Nacho, aliyekuwa beki wa Real Madrid, ambaye aligunduliwa kuwa na ugonjwa huohuo akiwa na miaka 12 na bado akaifungia Hispania bao dhidi ya Ureno katika Kombe la Dunia la 2018, mechi ile ya mabao matatu kwa matatu ambayo mji mzima wa Amu uliitazama siku za Idi. Sasa beki wangu amerudi. Anapima sukari kabla ya kucheza, na ile glukosi bado iko kwenye mkoba wangu, ila ni yake peke yake, ya kumwokoa sukari yake inaposhuka na mikono kuanza kumtetemeka.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu sitaki barua hii isomwe kana kwamba kila mwenye sukari ameitafuta mwenyewe. Aina ya kwanza haizuiwi kwa mpira wala kwa chakula, na kijana aliye nayo anahitaji mtu wa kuzitambua dalili zake mapema. Aina ya pili ni jambo jingine. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa wa sukari duniani wana aina hii, ambayo mwili bado unatoa insulini lakini hauitumii ipasavyo, na ambayo hujengeka polepole kwa miaka kabla ya mtu kuhisi lolote. Zamani iliitwa sukari ya wazee. Wauguzi wetu hawaiiti hivyo tena.

Waheshimiwa mnayajua maisha ya vijana wetu, lakini naomba tuyatazame kwa jicho la mwili. Babu wa kijana wa Kibajuni alivuta makasia, alipanda mlingoti, aliingia kwenye matope ya mikandaa akakata boriti na kuzibeba begani hadi jahazini. Baba yake alipata mashine ya boti, kazi ikapungua uzito, lakini bado alivua. Kijana mwenyewe amekuta ukataji wa mikandaa uliwahi kupigwa marufuku mwaka 2018, na amekuta sehemu ya bahari aliyokuwa akivua mzee wake imekuwa gati. Bandari ya Lamu ilianza kupokea meli mwaka 2021, na Mahakama Kuu ilikwisha amua mwaka 2018 kwamba wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, kwa hiyo kwamba wamepoteza kitu si neno langu mimi. Fidia hata ikilipwa yote haimrudishii mtu saa zake nne za kuvuta nyavu. Saa hizo sasa zinakwisha barazani. Na barazani kuna miraa, na miraa ni michungu, hivyo kila kishada kina soda yake au chai yake yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Nimekaa na kijana wa miaka 19 kutoka alasiri mpaka baada ya isha, nikahesabu chupa tatu, na hakuinuka ila kwenda msikitini na kurudi.

Waboni, ambao wenyewe hujiita Aweer, yaliwafika mapema zaidi na kwa nguvu zaidi. Walikuwa watu wa msitu, wawindaji na warina asali, watu wa kutembea mchana kutwa. Vita vya shifta, vya serikali na waasi wa kaskazini, vya miaka ya 1960 viliwatoa msituni na kuwakusanya katika vijiji vya kando ya barabara ya kuelekea Kiunga. Mwaka 1976 misitu ya Boni na Dodori ikawa hifadhi, na mwaka uliofuata uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima. Baada ya mashambulizi ya kigaidi ya 2014 katika kaunti hii, shule za wadi ya Basuba zilifungwa kwa miaka kadhaa, na tangu 2015 msitu wenyewe umekuwa uwanja wa operesheni ya kiusalama. Sizungumzii sababu za hatua hizo, nyingine zilikuwa na sababu nzito. Natazama matokeo yake tu: watu ambao miguu yao ilikuwa ndiyo riziki yao wamewekwa kando ya barabara wangojee magunia ya msaada, na watoto wao kwa miaka wakakosa hata kile kipindi kimoja cha michezo ambacho shule huwapa watoto wengine.

Katika jimbo la Arizona, Marekani, kuna watu wa asili wanaojulikana kama Pima. Wenyewe hujiita Akimel O'odham, yaani watu wa mto, kwa kuwa walilima kwa maji ya mto Gila kwa karne nyingi. Mwishoni mwa karne ya 19 walowezi waliokaa upande wa juu wa mto waliyachukua maji hayo. Mashamba yakakauka, na watu wale wakaja kuishi kwa vyakula vya msaada wa serikali, unga mweupe, mafuta na sukari. Leo wako miongoni mwa watu wenye ugonjwa wa sukari wa aina ya pili kwa wingi mno duniani, na kwao ndiko watafiti walikoanza mapema kuiona aina hiyo kwa watoto na vijana. Ingetosha mtu kusema ni damu yao, kama si jambo moja: wana ndugu zao wa asili moja katika milima ya Mexico, ambao waliendelea kulima kwa mikono na kutembea. Watafiti waliwalinganisha, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006, watu wazima wenye sukari huko milimani walikuwa asilimia 6.9, ilhali wale wa Arizona walikuwa asilimia 38. Asili ni ile ile. Kilichotofautiana ni namna ya kuishi.

Nilipoisoma habari hiyo niliwafikiria wale vijana wanne wa Basuba. Wembamba wao huwadanganya watu wakadhani sukari haiwahusu, na mimi ni mmoja wa waliodanganyika. Hata wale Pima walikuwa wakulima imara kabla ya maji yao kuchukuliwa.

Sasa nije kwenye dawa, maana kulalamika bila dawa ni kuwapotezea wakati. Huko huko Marekani ulifanywa utafiti mkubwa wa watu wazima 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kupata aina ya pili, na karibu nusu yao walitoka katika jamii za wachache, wakiwemo weusi, walatino na wenyeji wa asili. Kundi moja lilisaidiwa kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kufanya mazoezi kwa dakika 150 kwa wiki, kama vile kutembea kwa kasi. Kundi jingine lilipewa vidonge vya metformini, dawa ya kushusha sukari. Matokeo yalitolewa mwaka 2002: mazoezi na chakula vilipunguza idadi ya waliopata ugonjwa kwa asilimia 58, vidonge kwa asilimia 31. Na nafuu hiyo ilionekana kwa jamii zote zilizoshiriki. Wale walikuwa watu wazima. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17, Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku.

Naomba mzizingatie hizo dakika na hizo wiki, maana hapo ndipo ugomvi wangu na matumizi ya fedha za michezo ulipo. Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini imezembea, na baada ya mtu kupumzika misuli huendelea kuwa mepesi kuipokea insulini kwa siku moja, mbili, pengine zaidi kidogo. Kisha hali hurudi ilikokuwa. Ndiyo maana madaktari huwashauri wenye aina ya pili wasipitishe siku mbili mfululizo bila zoezi. Kikombe kinachochezwa wiki mbili kwa mwaka, kiwe na jezi nzuri namna gani na mgeni rasmi mkubwa namna gani, kwa upande wa sukari ni sawa na kutokuchezwa. Tena kikombe huwachezesha wachezaji 11 wa kila timu waliokwisha kuwa hodari, na kuwaacha 200 wamesimama pembeni wakinunua barafu na viazi vya karai. Nami navipenda viazi vya karai kama mtu yeyote wa Amu, lakini sidhani ndivyo bajeti ya vijana ilivyokusudiwa kuvikuza.

Sisemi vikombe vifutwe. Kijana anahitaji siku ya kushangiliwa, na wafadhili wanahitaji siku ya kupigwa picha. Nasema visije kabla ya mkate wa kila siku. Mkufunzi aliyefunzwa na kupewa posho ndogo katika kila kijiji, mipira inayobadilishwa kabla haijawa vitambaa, mafuta ya boti ya kuwakutanisha vijana wa Pate, Siyu, Faza na Mbwajumwali mara moja kwa mwezi: hayo hayana mgeni rasmi, lakini ndiyo yanayofika damuni.

Kuhusu viwanja, nawaomba mnivumilie, maana hili nalijua kuliko mengine. Katika vijiji kadhaa vya kisiwa cha Pate nilikokwenda na timu, uwanja wa vijana ni mchanga unaoachwa na bahari maji yakipwa. Mgeni huuona akaupiga picha, mzuri kweli. Lakini angalieni hesabu yake. Siku za bamvua, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, mchanga ukawa mpana wa kuchezea timu nne, na wakati huo watoto wako darasani. Wakitoka shuleni na chuoni, yaani madrasa, saa kumi jioni, bahari imekuja mpaka kwenye mizizi ya minazi. Siku za maji mafu, bahari hupwa jioni, lakini haiendi mbali, na kinachobaki ni ukanda wa matope na mawe usiotosha hata kupanga magoli. Nilimwona mvulana wa Siyu akipima uwanja huo kwa hatua, akafika hatua 14, akatazama maji, akatazama mpira wake, akaenda kukaa. Kwa hiyo mtoto wa kijiji kile ana uwanja mkubwa wakati asioweza kuutumia na hana uwanja wakati anaouweza. Ardhi kavu ipo nyuma ya vijiji. Inachohitaji ni kupimwa, kuandikishwa kwa jina la umma na kusawazishwa kabla haijauzwa vipande, kwani tangu bandari ianze kila kipande kimepata mtu anayedai ni chake. Katika vijiji vya Basuba, Mangai, Milimani, Kiangwe na Mararani nafasi si tatizo, tatizo ni usalama, na hapo nashauri uwanja uwekwe ndani ya eneo la shule, mchezo umalizike mapema jioni, na wazee wa Waboni waulizwe kwanza wapi na lini, maana wao ndio wanaojua njia ipi mtoto apite. Waulizwe pia mchezo gani. Si lazima uwe mpira. Vijana wale wanne wa Basuba wananishinda mimi na timu yangu yote kwa mwendo mrefu, na sijaona mtu aliyewaandalia mbio hata siku moja.

Wasichana nimewaweka hapa katikati nikijua kwamba wasomaji wengine watataka nipite haraka. Sitapita haraka. Kwa umri wa miaka 12 au 13, msichana wa Amu anaacha kukimbia, na tangu hapo mwili wake unafanya kazi za nyumbani na kupanda ngazi za gorofa basi. Nimezungumza na akina mama wengi kuhusu jambo hili. Hawakatai mchezo. Wanakataa uwanja wa wazi mbele ya baraza za wanaume, wanakataa mkufunzi mwanamume, na wanakataa saa zinazogongana na chuo. Madai yote matatu yanatekelezeka. Ua wa makuti au wa mabati kuzunguka uwanja wa shule, netiboli na voliboli chini ya walimu wa kike, na saa zilizopangwa pamoja na walimu wa madrasa, kati ya alasiri na magharibi, ambazo ni takriban saa mbili na nusu. Mwalimu mmoja wa chuo, mzee ninayemheshimu sana, nilipomweleza alinijibu: "Mwanangu, mimi mwenyewe nina sukari. Ningefunzwa kukimbia ningekimbia." Akaniambia atafungua chuo mapema siku mbili kwa wiki iwapo uwanja utapatikana. Ninaye bado, anangoja uwanja.

Liko jambo moja ambalo halihitaji fedha mpya nyingi. Mwezi Septemba 2023 serikali kuu ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, na katika mkoba wa kila mmoja mliwekwa, pamoja na mengine, mizani, kipimo cha shinikizo la damu na mashine ya kupimia sukari. Wahamasishaji hao wako Lamu, tunawaona wakipita nyumba hadi nyumba asubuhi, wakati vijana hawako nyumbani. Naomba mara moja kila muhula waje uwanjani saa ambazo vijana wako uwanjani. Simaanishi kila mtoto achomwe kidole. Wapimwe uzito na kimo wote, waulizwe kama mzazi au ndugu ana sukari, waulizwe kuhusu kiu na kukojoa usiku, kisha wachomwe wale wenye dalili au wenye sababu ya kushukiwa. Kipimo cha jioni baada ya kaimati hakimhukumu mtu, na atakayeonekana na namba kubwa apelekwe akapimwe asubuhi kabla ya kula, ambapo milimoli 7.0 kwa lita na zaidi ndiyo alama ya ugonjwa, na ambapo mwenye dalili za aina ya kwanza asingojee asubuhi bali apelekwe hospitalini saa hiyohiyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 uligundua kwamba karibu Wakenya watu wazima 9 kati ya 10 walikuwa hawajawahi kupimwa sukari. Mashine ikiwa mkobani na vijiti vyake vya kupimia vimekwisha, hesabu hiyo haitabadilika, kwa hiyo ombi la vijiti naliweka sambamba na ombi la mipira. Na matokeo yaandikwe kwa umri na kwa kijiji, ili mwakani tusibishane kwa kukisia.

Maji nayo. Katika visiwa vinavyotegemea jabia, yaani birika za kukusanyia maji ya mvua, mvua ikikosa msimu mmoja maji ya kunywa huwa ya kununua, na chupa ya maji safi ikikaribia bei ya soda, kijana mwenye kiu huchagua soda, nami simlaumu. Tangi moja la kukinga maji ya mvua kwenye paa la shule iliyo karibu na uwanja litapunguza sukari kuliko mabango 10 yenye picha ya moyo.

Mtaniuliza ni kwa mamlaka gani kaunti ifanye yote haya. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti huduma za afya za kaunti, na limezipa pia michezo na viwanja vyake. Yote mawili yamo mikononi mwenu, hakuna haja ya kungoja Nairobi ili daktari na mkufunzi wakae meza moja. Kifungu cha 56 kinalitaka taifa liwe na mipango maalumu ya kuzipa jamii za wachache na zilizotengwa nafasi katika elimu, uchumi, maji, afya na miundombinu, na sioni ni nani aliyekusudiwa na maneno hayo ikiwa si Mboni wa Mararani. Lamu yenyewe iliwekwa na Tume ya Ugavi wa Mapato katika orodha ya kaunti 14 zilizotengwa, na hatuwezi kuidai haki hiyo Nairobi kisha tukaisahau tukifika Mokowe, kwenye makao makuu ya kaunti.

Kaunti hii ilihesabiwa kuwa na watu 143,920 mwaka 2019. Ni watu wachache, na kwa jambo hili uchache ni neema, kwani vijiji vyetu vinahesabika kwa vidole na kila kijiji kina mtu mmoja ambaye tayari anawachezesha watoto bure. Mnaweza kuwajua wote kwa majina katika muda wa mwezi mmoja. Sheria inataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufike katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Ombi langu ni kwamba katika mpango ujao pawe na mstari mmoja wa michezo ya kila wiki ulio chini ya afya na michezo kwa pamoja, wenye jina la kila kijiji kinachohusika, ili mwananchi wa Kiangwe akiusoma aone kijiji chake kimeandikwa. Niliwahi kupeleka ombi kama hili katika ofisi moja, likapigwa muhuri, nikaambiwa nirudi wiki ijayo, na wiki hiyo imekuwa ndefu. Ndiyo sababu safari hii nimeandika mbele ya watu wote.

Niko tayari kuitwa. Niko tayari pia kuwapokea, mimi na wakufunzi wenzangu wa Pate, mkipenda kuja kuviona viwanja vyenyewe. Naomba tu mje saa kumi jioni, siku yoyote ya bamvua, kwani huo ndio wakati wa vijana kucheza, na mtatukuta tumesimama ukingoni mwa maji na mipira mikononi.

Wenu katika utumishi,

Mkufunzi wa kujitolea, Langoni, Lamu